Kupima akili za wazee miaka ikienda: uwapime mara moja, uwafuatilie walewale au uchanganye?

Mtu anataka kujua umri unaifanya nini akili ya binadamu, yaani kumbukumbu, kasi ya kufikiri, umakini, kupanga mambo, kutafuta maneno. Swali zuri, na kwa mkoa kama Dodoma wenye watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022 ni swali la lazima, maana wazee wengi wanazeekea kijijini na hakuna anayewapima chochote zaidi ya presha. Shida inaanza ukifika kwenye sura ya mbinu. Hapo ndo watu wa masta, wa PhD na hata wa miradi midogo ya afya huku Bahi, Chamwino na Mpwapwa wanakwama: nichukue wazee wa umri tofauti niwapime mara moja nimalize, nichukue kundi moja niwe narudi kwao, au nichanganye vyote viwili?

Ukiuliza watatu utapata majibu matatu na kila mmoja atakuwa na hoja. Mimi naona hakuna njia inayoshinda zote, ila kuna swali ambalo kila njia inalijibu na lingine haiwezi kulijibu hata ukiibana vipi, na hilo ndo la kulijua kabla hujachapisha dodoso hata moja.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote: njia inaonyesha tofauti kati ya watu au mabadiliko ndani ya mtu yuleyule? Hivi vitu vinachanganywa sana, unakuta ripoti imeandika kumbukumbu inashuka kuanzia miaka 60 wakati kilichofanyika ni kuwaweka watu wa miaka 60 na wa miaka 75 pamoja siku moja, hakuna hata mmoja aliyeonekana akishuka.

Cha pili ni rika. Waliozaliwa miaka tofauti walikulia kwenye shule tofauti, lishe tofauti, magonjwa tofauti. Cha tatu ni mazoea, kwamba mtu akipimwa mara ya pili anakuwa ameshaujua mchezo. Cha nne ni wanaopotea njiani, wanaohama, wanaokataa, wanaofariki. Cha tano ni muda, hela na vibali. Kila njia nitaipitisha humo humo, nyingine nitakaa nayo zaidi kwa sababu ina mambo mengi.

Njia ya kwanza: kupima mara moja watu wa umri tofauti

Unachukua watu wa miaka 50, 60, 70, 80, unawapima wote ndani ya miezi miwili mitatu, unachora mstari wa alama dhidi ya umri.

Inajibu nini: wazee wa sasa hivi wako wapi. Wangapi wana dalili za shida ya kumbukumbu, kijiji kipi kina mzigo mkubwa, wanawake na wanaume wanatofautianaje. Kwa kazi hiyo ni njia nzuri kabisa na isidharauliwe. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 hadi 2010 kwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, ambao ulikuta ugonjwa wa demensia (akili kupungua kiasi cha mtu kushindwa kujitegemea) kwa takriban asilimia 6.4, ulikuwa wa kupima kwa kipindi kimoja bila kuwafuatilia, ingawa ulikuwa na hatua mbili, kuchuja kisha uchunguzi wa kina, na ndo umetusaidia wote kujua kwamba hili tatizo lipo hapa nchini na si la Ulaya peke yake.

Upande wa rika ndo inapovunjika, na kwetu huku inavunjika vibaya kuliko sehemu nyingi. Fikiria mtu aliyezaliwa 1970 hapa Dodoma, alikuwa na miaka 7 wakati UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, inaanza 1977, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa alishika chaki. Sasa mchukue aliyezaliwa 1945, nchi inapata uhuru 1961 yeye ana miaka 16, kama hakuwa karibu na shule ya misheni basi utoto wake ulikuwa ni mifugo na shamba, halafu ukubwani akakumbana na ukame na Operesheni Dodoma ya 1971 ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Ukiwapa hawa wawili kipimo cha kukariri tarakimu kinyumenyume na wakatofautiana alama 6, utasema ni uzee? Sehemu inaweza kuwa uzee, sehemu kubwa inaweza kuwa shule, na data ya mara moja haiwezi kukuambia ni ngapi kwa ngapi. Watu wanaingiza miaka ya shule kwenye modeli ya takwimu wakidhani wamemaliza, inasaidia lakini haimalizi, kwa sababu miaka 4 ya shule ya 1955 si sawa na miaka 4 ya 1980, na aliyepelekwa shule enzi zile alikuwa ametoka kwenye familia ya aina yake.

Hata nchi zenye shule tangu zamani yamewakuta. Mtafiti James Flynn alionyesha mwaka 1984 kwamba alama za vipimo vya akili Marekani zilikuwa zinapanda kama alama 3 kila miaka 10 kati ya kizazi na kizazi. Kwa hiyo mzee anaweza kuonekana yuko chini ya kijana bila kushuka hata kidogo, ameachwa tu na kizazi kinachokuja.

Mazoea hakuna, wote wanapimwa mara ya kwanza, na hii ni faida ya kweli. Wanaopotea nao huwaoni, ila usijidanganye kwamba hawapo: waliofariki kabla hujafika hawamo kwenye sampuli, kwa hiyo watu wa miaka 85 unaowapima ni wale imara waliobaki. Gharama ni nafuu, kibali kimoja, timu ya wahojaji wanne watano, muhula mmoja fildi na umerudi.

Inamfaa mwanafunzi mwenye mwaka mmoja, halmashauri inayotaka kujua mzigo wa tatizo, na yeyote anayejaribisha kipimo kipya kabla ya kuwekeza kwenye kazi kubwa.

Njia ya pili: kuwafuatilia watu walewale

Hapa unampima Bibi leo, unarudi baada ya miaka miwili, unarudi tena. Mtu analinganishwa na yeye mwenyewe, kwa hiyo kutosoma kwake shule kunabaki palepale mizunguko yote na hakuwezi kujifanya uzee.

Inajibu nini: nani anashuka, kwa kasi gani, na nini kinatangulia. Hili la nini kinatangulia ndo linalonifanya niipende. Presha ya leo na kumbukumbu ya leo zikiwa mbaya pamoja huwezi jua kipi kilianza, lakini presha ya leo na kumbukumbu ya miaka minne ijayo angalau ina mpangilio wa wakati.

Mfano ambao kila anayesoma mambo haya anakutana nao ni wa Scotland. Tarehe 1 Juni 1932 watoto karibu wote waliozaliwa 1921 walifanya mtihani mmoja wa akili, zaidi ya 87,000, halafu 1947 wakafanyiwa waliozaliwa 1936, zaidi ya 70,000. Makaratasi yakawekwa. Miongo mingi baadaye timu ya Ian Deary kule Edinburgh ikawatafuta waliobaki, ikapata 550 wa kundi la 1921 na 1,091 wa kundi la 1936, ikawapima tena wakiwa wazee. Moja ya mambo makubwa yaliyotoka ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti za akili unazoziona uzeeni, takriban nusu, ilikuwa imeshaonekana mtu akiwa na miaka 11. Maana yake kwetu ni nzito: mzee mwenye alama za chini leo si lazima awe ameshuka, inawezekana yuko palepale alipokuwa siku zote, na bila kipimo cha zamani huwezi kutenganisha.

Afrika nako kazi ipo. Kule Agincourt, mkoa wa Mpumalanga Afrika Kusini, utafiti wa HAALSI ulianza 2014 na watu 5,059 wa miaka 40 na kuendelea na umewarudia zaidi ya mara moja. Ibadan, Nigeria, wazee walianza kufuatiliwa sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Kwa hiyo anayekuambia vijijini kwetu haiwezekani, hao ni majibu.

Rika: ndani ya mtu tatizo limeondoka, ila unachokipata ni hadithi ya kundi moja. Wazee waliozaliwa miaka ya 1940 wakishuka namna fulani haimaanishi waliozaliwa miaka ya 1960 watashuka hivyohivyo.

Mazoea ndo mtego wake. Mzunguko wa pili unaingia uani, Bibi anakaa vizuri kwenye kigoda chake, hujamaliza hata salamu anakuambia mmekuja na yale maneno yenu kumi (orodha uliyompa akariri mara ya kwanza), na anakutajia matatu kabla hujafungua karatasi. Kwenye kutaja wanyama kwa dakika moja, mara ya kwanza alianza na ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda akasimama akidhani unataka wa nyumbani tu. Safari hii anaunganisha na fisi, tembo, digidigi bila kupumua kwa sababu ameshaelewa unachotaka. Alama zimepanda, akili haijapanda. Na hapa ndo pana ubishi mkubwa wa kitaaluma: Timothy Salthouse wa Virginia aliandika 2009 kwamba baadhi ya uwezo, hasa kasi, unaanza kushuka tangu mtu akiwa na umri wa miaka ya 20 na 30, na kwamba tafiti za kufuatilia zinauficha mshuko huo kwa sababu ya mazoea, wakati wengine wanaona ni kupima mara moja kunakokuza mshuko kwa sababu ya rika. Pande zote mbili zina kitu. Dawa ya kawaida ni kuwa na orodha mbili tatu za maneno zenye ugumu sawa uzizungushe, na kujua kwamba faida ya mazoea huwa kubwa zaidi kati ya mara ya kwanza na ya pili, ndo maana mizunguko miwili tu haitoshi, tatu ndo angalau unaanza kuona umbo.

Wanaopotea ndo maumivu. Chukulia umeanza na 300 na kila mzunguko unapoteza asilimia 10: 270, halafu 243, halafu 219 hivi. Idadi unaweza kuivumilia, tatizo ni kwamba wanaopotea siyo wa bahati nasibu, anayeanza kusahau ndo anapelekwa kukaa na mtoto wake Morogoro au Dar, mgonjwa ndo anakataa, na wanaobaki wanafanya mstari uonekane mzuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo siku ya kwanza chukua namba za simu za ndugu watatu na siyo moja, jina la balozi na la mwenyekiti wa kitongoji, jina analoitwa mtaani maana la kadi ya mpiga kura majirani huenda hawalijui, na ukifika ukakuta msiba andika tarehe na sababu kama inavyoelezwa, hiyo nayo ni data. Na uende msibani, uwape pole, usiende kuuliza dodoso.

Kingine ambacho watu wanakipuuza ni msimu. Mvua yetu ni moja, Desemba hadi Aprili. Ukimpima mtu Agosti ghala lina mtama na amepumzika, halafu mwaka unaofuata ukamkuta Februari katikati ya palizi, amechoka na chakula kimepungua, utaita hiyo demensia. Rudi mwezi uleule, na ikiwezekana mhojaji azungumze lugha ileile iliyotumika mwanzo, kama ilikuwa Kigogo iwe Kigogo, kama Kirangi iwe Kirangi.

Gharama: kubwa, ya miaka, vibali vya kuhuisha, wahojaji wanaoacha kazi, mfadhili anayebadilisha vipaumbele. Inamfaa taasisi kuliko mtu mmoja, au PhD iliyojishikiza kwenye mradi uliopo tayari.

Njia ya tatu: kuchanganya

Unaanza na watu wa umri tofauti kama njia ya kwanza, unawarudia kama njia ya pili, na kila mzunguko unaongeza kundi jipya la umri uleule. Aliyeijengea hoja ni mwanasaikolojia K. Warner Schaie, alianza Seattle, Marekani, mwaka 1956 na watu 500, akawa anarudi kila baada ya miaka 7 na kila mara anaongeza wapya. Alipoweka michoro miwili pamoja ikaonekana wazi: ukitazama kwa kupima mara moja akili inaonekana kuporomoka mapema, ukiwatazama walewale uwezo mwingi ulisimama mpaka umri wa miaka 60 na kitu ndo ukaanza kushuka.

Inajibu tofauti na mabadiliko vyote viwili, na inakuwezesha kuuliza kama watu wa miaka 70 wa sasa wako sawa na watu wa miaka 70 wa miaka saba iliyopita. Rika unaliona kwa macho. Mazoea unayapima moja kwa moja, maana una mtu wa miaka 65 anayepimwa mara ya tatu na mwingine wa miaka 65 anayepimwa mara ya kwanza, unalinganisha. Wanaopotea wanapata wa kuwafidia upande wa idadi, ila upendeleo wa waliobaki haufutiki. Na kuna fundo moja hakuna njia inayolifungua: umri ni mwaka wa kupima ukitoa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo umri, rika na kipindi (mwaka unaopima) vimefungwa pamoja na huwezi kuvitenganisha vyote vitatu kwa takwimu peke yake, lazima uweke dhana na uiseme hadharani.

Huku kwetu kuna ugumu wa ziada, wazee wengi hawajui mwaka wa kuzaliwa, na njia hii inategemea mwaka huo kuliko nyingine zote. Tengeneza kalenda ya matukio: uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, kuhamia vijijini 1971, alikuwa ameoa? alikuwa na mtoto wa ngapi? Kaa naye taratibu, umri unapatikana vizuri tu.

Gharama ni kubwa kuliko zote na uchambuzi unahitaji mtakwimu wa kweli. Inamfaa chuo au taasisi yenye mkataba wa miaka 10 na kuendelea.

Njia mbili za kujazia

Kama huna muda wa kufuatilia lakini unataka mabadiliko, muulize ndugu. Kuna dodoso liitwalo IQCODE, alilitengeneza Anthony Jorm na mwenzake Australia mwaka 1989, fupi lake lina maswali 16, linamuuliza anayeishi na mzee ukilinganisha na miaka 10 iliyopita yukoje, 3 ikiwa hakuna mabadiliko na 5 ameharibikiwa sana. Halijali shule, hilo ni zuri mno. Ubaya ni kwamba mkwe aliyechoka kuuguza atajibu tofauti na binti aliyepanga mjini anayemwona babu Krismasi tu.

Nyingine ni kumpima mtu siku tano sita mfululizo kila mwaka badala ya siku moja. Unapata wastani unaoaminika maana mtu ana siku yake nzuri na mbaya. Kijijini ni kazi, ila kwa wastaafu wa mjini wenye simu janja inawezekana.

Kipimo chenyewe

Ukichagua njia sahihi na kipimo kibovu umepoteza yote. MMSE ya 1975 na MoCA ya 2005, vipimo vifupi vya akili vinavyojulikana sana, zote za alama 30, zilitengenezwa kuchuja wenye shida hospitalini. MoCA inaongeza alama moja tu kwa aliyesoma miaka 12 au pungufu, sasa kwa mzee ambaye hajawahi kushika kalamu na unamwambia achore mchemraba na saa, alama moja itamsaidia nini? Waliofanya kazi Hai walikuja na IDEA, kipimo kifupi chenye vipengele sita, na badala ya kuchora wanatumia njiti za kiberiti mzee anazipanga kufuata mfano. Hicho kwa vijiji vyetu ndo ningeanzia. Lakini ni cha kuchuja pia, mabadiliko madogo ya mwaka mmoja miwili hakiyaoni, ukitaka kuona kasi ya kushuka ongeza orodha ya maneno na kutaja wanyama, ambavyo havina dari ya karibu, yaani mtu hafikii haraka alama ya juu kabisa.

Na macho. Kongwa inajulikana kwa tafiti za miaka mingi za trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, na mtoto wa jicho uko kila kijiji. Mzee asiyeona njiti ataonekana hana akili. Pima macho na masikio kila mzunguko, uandike.

Nani achague nini

Una mwaka mmoja na bajeti ya mkopo wako mwenyewe: pima mara moja, ongeza maswali ya ndugu, na kwenye ripoti andika tofauti kati ya makundi ya umri, usiandike kushuka. Kazi itasimama mbele ya jopo bila wasiwasi.

Wewe ni mganga wa wilaya au shirika dogo unataka kupanga huduma: mara moja inatosha kabisa, hela iliyobaki iende kwenye rufaa za wale utakaowakuta na shida, kumpima mtu ukamwacha hivyohivyo si sawa.

Una miaka mitatu hadi mitano na swali lako ni presha, kisukari au kiharusi vinafanya nini kwenye akili baadaye: fuatilia walewale, mizunguko isiyopungua mitatu, sampuli ndogo unayoweza kuishika kuliko kubwa utakayoipoteza.

Uko kwenye taasisi yenye uhakika wa muda mrefu na unataka kujua kama kizazi cha UPE kitazeeka vizuri kuliko wazazi wao: hapo changanya, na kama hela ya kuongeza kundi jipya haipo mwaka huu, anza na kufuatilia lakini acha nafasi kwenye kibali na kwenye fomu ya ridhaa ili kundi lingine liingie baadaye.

Na kama una madodoso ya zamani kabatini ya wazee uliowapima mara moja miaka sita saba iliyopita, usianze utafiti mpya kabla hujakaa nayo. Angalia kama fomu ya ridhaa iliruhusu kurudi, kama haikuruhusu iulize kamati ya maadili utaratibu wa kuwatafuta tena, halafu anza na orodha ya vitongoji, mpigie mtendaji wa kijiji umuulize nani bado yupo.